Simbilisi Haulizwi, Mwananchi Aulizwe

Aghalabu wataalamu wa afya wanapovuka bahari kutoka Nyamisati na kuteremka Kilindoni na masanduku yao ya dawa na vichupa vya kutilia damu, habari zao huwatangulia vijijini. Na katika habari hizo halikosi neno hili: kwamba serikali na wageni wake wanataka kuwafanya watu wa visiwani kuwa wanyama wa majaribio. Neno hilo husemwa mabarazani kwa sauti ya chini na majahazini kwa sauti ya juu, na kwa bahati mbaya viongozi wengi wakilisikia hulijibu kwa neno moja tu, nalo ni "ujinga". Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Wala hatukubaliani na wale wanaolieneza neno lenyewe kwa makusudi ya kuwatisha watu wasipate tiba. Jambo hili linastahili kuchambuliwa tangu mzizi wake, na mzizi wenyewe ni huyo mnyama.

Wengi wetu husema panya, na ni kweli kwamba panya ndiye anayetumiwa zaidi katika maabara za siku hizi. Lakini mnyama ambaye Waingereza na Wafaransa wamemfanya mfano wa kila kiumbe anayejaribiwa bila hiari yake ni simbilisi. Msomaji ambaye hajapata kumwona na amfikirie sungura mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na miguu mifupi, apigaye kelele za furaha kama mluzi akisikia majani yanaletwa. Wako wanaomchanganya na pimbi, ambaye ni mnyama mwingine kabisa wa kwenye majabali. Katika Nyanda za Juu Kusini za nchi yetu, na huko Kivu mashariki ya Kongo, simbilisi hufugwa nyumbani na huliwa. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walimfuga kwa ajili ya nyama tangu zama za kale, na Ulaya alifika katika karne ya 16 baada ya Wahispania kuziteka nchi hizo. Waingereza wakamwita nguruwe wa Guinea, jina lisilokuwa na chembe ya ukweli, kwani si nguruwe na wala hakutoka Guinea. Tunalitaja hili mapema ili Mwislamu asije akashtuka bure akiambiwa kwamba chanjo ya mwanawe ilijaribiwa kwa mnyama mwenye jina la namna hiyo.

Wanasayansi walimpenda kwa sababu nyepesi. Ni mpole, hang'ati ovyo, hazai kwa taabu, na katika baadhi ya mambo mwili wake unafanana na wetu kuliko ule wa panya. Tangu miaka ya 1780 Mfaransa Lavoisier alimtia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, akapima barafu iliyoyeyuka, na kwa njia hiyo akaonyesha kwamba pumzi ya kiumbe hai ni aina ya mwako wa polepole. Miaka mia moja baadaye, tarehe 24 Machi 1882, Mjerumani Robert Koch alisimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Berlin akawathibitishia kwamba kifua kikuu si laana wala si urithi wa ukoo, bali huletwa na kijidudu. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa simbilisi. Alikichukua kijidudu kutoka kwa mgonjwa, akakikuza peke yake, akamdunga simbilisi mzima, simbilisi akaugua ugonjwa ule ule. Mnyama huyu ni dhaifu mno mbele ya kifua kikuu. Vijidudu vichache tu humtosha. Kwa sababu ya udhaifu huo, kwa miaka mingi makohozi ya mgonjwa aliyeshukiwa yalipelekwa maabara akadungwa simbilisi, na daktari akasubiri kuona kama mnyama atakufa.

Ugonjwa wa dondakoo nao, ambao zamani ukiwakaba watoto hadi wakakosa pumzi, ulishindwa kwa njia iliyopita katika mwili wa simbilisi. Mwaka 1888 Roux na Yersin wa Paris walionyesha kwamba kinachoua si kijidudu chenyewe bali ni sumu anayoitema, na Behring wa Berlin akapata kinga ya sumu hiyo iliyompa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya tiba mwaka 1901. Kipimo cha nguvu ya dawa ile kilihesabiwa kwa simbilisi mwenye uzito wa gramu 250, yaani ni kiasi gani cha sumu kitamuua na ni kiasi gani cha kinga kitamwokoa. Mizani ya tiba ya dunia nzima iliwekwa juu ya mgongo wa mnyama mmoja mdogo.

Mabaharia wetu watapendezwa zaidi na kisa cha kiseyeye. Ugonjwa huu wa fizi kutoka damu na meno kulegea uliwamaliza mabaharia wa Ulaya katika safari ndefu kuliko vita na tufani. Mwaka 1907 Wanorwei wawili, Holst na Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakichunguza maradhi mengine kabisa, wakashangaa kuona wameshikwa na kiseyeye. Ilikuwa ni bahati. Lau wangetumia panya wasingeona kitu, maana panya hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, hali simbilisi, kama mwanadamu, hana uwezo huo na hana budi aile katika matunda na majani. Ndimu zilizojulikana kwa mazoea tangu zamani sasa zikapata hoja yake.

Na msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na ya zamani tu. Na atazame bega lake. Kovu lile dogo la duara ambalo karibu kila Mtanzania analo ni kovu la BCG, chanjo iliyotengenezwa na Calmette na Guérin kwa kukikuza kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe mara 230 kwa muda wa miaka 13, tangu 1908 hadi 1921, mpaka kikapoteza ukali wake. Na aliyewathibitishia kwamba ukali umekwisha ni, miongoni mwa wanyama wengine, simbilisi. Hata katika zama zetu hizi kanuni za Shirika la Afya Duniani zinataka chanjo hiyo ijaribiwe kwa simbilisi, wakaangaliwa kwa majuma yasiyopungua 6, ili pahakikishwe kwamba hakuna kijidudu mkali aliyejipenyeza. Mtoto azaliwaye leo katika hospitali ya Kilindoni na kuchanjwa begani ana deni kwa mnyama ambaye pengine hatamwona maisha yake yote.

Basi faida tumeikubali. Lakini mnyama ni mnyama na mtu ni mtu, na historia ya tiba imejaa misiba ya wale waliosahau tofauti hiyo. Koch huyo huyo, mwaka 1890, alitangaza kwamba amepata dawa iliyozuia kifua kikuu kwa simbilisi. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Dawa ikadungwa kwa haraka, na matokeo yake haikuponya, na miongoni mwa waliodungwa wamo iliowaharakishia mauti. Ilibaki kuwa kipimo cha kutambua ugonjwa tu. Kwa upande wa pili, penisilini iliyowaokoa mamilioni ni sumu kwa simbilisi, maana huwaua vijidudu wema wa tumboni mwake na kuwapa nafasi wabaya. Jaribio mashuhuri la Oxford la tarehe 25 Mei 1940 lilifanywa kwa panya wadogo wanane. Wanne walipewa penisilini wakaishi, wanne hawakupewa wakafa. Lau pangekuwa na simbilisi siku ile badala ya panya, yamkini dawa ile ingetupwa jaani, na wangapi kati yetu wasingekuwapo leo kuyasoma haya!

Kwa hiyo, hata mnyama afe au apone, lazima siku moja awepo mtu wa kwanza. Swali letu ni hili: mtu huyo ni nani, na ameulizwa?

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika kisa hiki, na inaingia kupitia kisiwani. Koch alikwisha kufika Dar es Salaam mwaka 1897 akakaa hadi mwaka uliofuata akichunguza malaria, wakati bendera ya Mjerumani ikipepea juu ya boma la Chole hapa kwetu. Alirudi tena, na katika mwaka 1906 akaenda kupiga kambi katika visiwa vya Sese, ndani ya ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako ugonjwa wa malale ulikuwa umefyeka watu vijiji kwa vijiji. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Wagonjwa walimjia kwa wingi, wengine kwa mitumbwi kutoka mbali, kwa kuwa malale wakati ule ilikuwa kifo bila shaka yoyote. Mwanzoni walipata nafuu. Nafuu ilipoonekana haidumu, kipimo cha dawa kikaongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapoteza nuru ya macho yao, wasiione tena. Hatusemi kwamba Koch alikusudia ubaya. Alikuwa akipambana na ugonjwa wa kutisha kwa silaha aliyokuwa nayo. Tunachosema ni kwamba wakazi wale wa Sese walipewa dawa na mtu mwenye amri, katika nchi iliyotawaliwa, na wala haikuonekana ni wajibu kuwaeleza kwamba kipimo kile kikubwa kilikuwa bado kinatafutiwa mpaka wake. Simbilisi wa Berlin hawakuulizwa kwa kuwa hawana ulimi. Watu wa Sese walikuwa nao.

Ulimwengu ulichelewa kuona aibu. Ilibidi kwanza Wanazi wawafanyie wafungwa unyama katika kambi zao ndipo mahakama ya Nuremberg, mwaka 1947, iandike kwamba hiari ya mtu anayejaribiwa ni sharti lisilokwepeka. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikapitisha Azimio la Helsinki. Lakini maazimio husafiri polepole, na jahazi la kuyaleta visiwani huwa la mwisho kung'oa nanga.

Pamoja na hayo lazima tuwe waadilifu. Si kila jaribio lililofanywa kwa Waafrika lilikuwa dhuluma, na liko moja ambalo tunastahili kulitaja kwa fahari. Kabla ya mwaka 1970 mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, na wengi walikata tamaa njiani. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilikwisha kuonekana kuwaponya simbilisi katika maabara za Marekani mwaka 1944 kabla haijawaponya watu. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi 6 yatosha, ikiwa rifampisini au pirazinamidi itaongezwa katika dawa zilizokuwapo. Tiba ya miezi 6 iliyoenea baadaye duniani kote inasimama juu ya vifua vya wagonjwa hao. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma uliotokea nchini kwetu mwaka 1977, kwa msaada wa Dakta Karel Styblo, ulikuwa mfano ulioigwa na mataifa. Lakini ni Watanzania wangapi wanaojua kwamba dunia inadaiwa na wagonjwa wa Afrika Mashariki? Kwa nini hatukuwaambia?

Sasa tuje nyumbani, kwenye matende na mabusha.

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Mafia ugonjwa huo ni nini. Tumewaona wazee wetu wakiburura miguu iliyovimba, tumewaona wavuvi hodari wakiacha bahari kwa sababu ya mabusha na kujificha ndani ya vikoi vipana. Mnyoo mwembamba kama uzi unaouleta huambukizwa na mbu, na watoto wake huogelea katika damu. Hila yao kubwa ni kwamba katika mwambao wetu mchana hujificha ndani mwilini, na usiku, wakati mbu wanapouma, hutoka karibu na ngozi. Kwa ajili hiyo watafiti wa zamani hawakuwa na njia nyingine ila kuchukua damu usiku wa manane. Fikiri, ewe msomaji, hali ilivyokuwa: taa zinakuja kijijini saa nne au saa tano za usiku, watu wasiojulikana wanabisha hodi, wanataka damu. Na mwambao huu tangu zama za ukoloni ulikuwa na hofu ya mumiani. Neno lenyewe ni la kale, la asili ya Kiajemi, jina la dawa nyeusi iliyouzwa na wafanyabiashara wa baharini, ambayo watu waliamini kwamba hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Aliyefunga mlango wake usiku ule hakuwa mjinga. Alikuwa akihukumu kwa ushahidi aliokuwa nao, kwa kuwa hakupewa mwingine.

Leo kipo kipimo kinachoweza kuutambua mnyoo kwa tone la damu ya kidole wakati wowote wa mchana. Hilo ni jambo la sayansi, lakini athari yake kubwa ni ya kisiasa, kwani limewaondolea wataalamu ulazima wa kuja gizani.

Mwezi Oktoba mwaka 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, chini ya uongozi wa marehemu Dakta Mwelecele Malecela, ulianza kugawa dawa kwa watu wote wanaostahili, na wilaya iliyoanza ilikuwa Mafia. Unguja na Pemba zilifuata mwaka 2001. Dawa zilikuwa mbili, ivermektini na albendazoli, zikimezwa mara moja kwa mwaka, na kipimo cha ivermektini kikikatwa kwa kimo cha mtu kilichosomwa kwenye fimbo. Waja wazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawakupewa. Mtu mwenye akili alikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini sisi kwanza? Kwa nini fimbo? Kwa nini mke wangu mjamzito asipewe, ikiwa dawa hii haina madhara?

Majibu yapo, na ni mazuri. Ivermektini haikuanzia kwetu. Kijidudu kinachoitoa kilichotwa katika udongo wa Japani na kikosi cha Profesa Satoshi Ōmura katika miaka ya 1970. Huko Marekani William Campbell na wenzake wakaijaribu kwa panya wenye minyoo, kisha kwa mifugo, na walipoona inawaua watoto wa mnyoo wa farasi ulio jamaa na ule wa usubi, ndipo wakafikiria binadamu. Mtu wa kwanza mgonjwa wa usubi alipewa mwaka 1981 huko Dakar, Senegal. Mwaka 1987 ikaidhinishwa kwa ugonjwa huo na mwenye kiwanda akaahidi kuitoa bure. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Yaani dawa ilipofika Mafia ilikuwa imekwisha kumezwa na mamilioni ya watu barani Afrika. Lile halikuwa jaribio, ilikuwa tiba. Fimbo ilikuwa mizani ya mahali pasipokuwa na mizani, kwani kimo hukadiria uzito. Mjamzito huzuiliwa kwa tahadhari ya mtoto. Na homa, mwasho na uvimbe vinavyompata baadhi ya watu baada ya kumeza aghalabu hutokana na minyoo inayokufa mwilini. Ni dalili kwamba dawa imefanya kazi, na anayeumwa zaidi mara nyingi ndiye aliyekuwa na minyoo mingi.

Maelezo hayo yote huchukua nusu saa katika baraza la kijiji. Asiyepewa nusu saa hiyo, akameza kidonge asubuhi na usiku akashikwa na homa, atasema amelishwa sumu, na jirani yake mwakani hatameza. Hasara ya nusu saa iliyookolewa hulipwa kwa miaka.

Kama yupo afisa anayedhani tunatia chumvi, na akumbuke Morogoro mwaka 2008. Dawa za kichocho na minyoo zilipelekwa katika shule za msingi, watoto wengine wakaona kizunguzungu na kutapika, uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakazivamia shule na ghasia zikazuka. Dawa zilikuwa halali na zilizojaribiwa. Kilichokosekana ni kuwaambia wazazi mapema na kuhakikisha mtoto amekula kabla ya kumeza.

Na kama yupo mwananchi anayedhani kwamba hofu yake ya sindano ni busara tupu, yeye naye na akumbuke Loliondo mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu ya Watanzania, wakiwemo viongozi na wasomi, walipanga foleni ya magari kwa siku kadhaa katika kijiji cha Samunge ili wanywe kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa kukitumaini kikombe kile. Hakuna simbilisi aliyetangulia kunywa, hakuna aliyehesabu waliopona na waliokufa kabla ya umati kufika. Tulijifanya wanyama wa majaribio wenyewe, tena kwa nauli zetu! Hatuidharau miti shamba. Nchi hii ilianzisha kitengo cha kuichunguza huko Muhimbili mwaka 1974, na mganga wa kweli hana sababu ya kukiogopa. Lakini haifai mtu akimbie kidonge kilichopimwa kwa miaka 20 kisha akakimbilia kikombe kisichopimwa hata siku moja.

Turudi kwa mnyama kidogo, kwani naye ana haki yake. Sote tuliofundishwa chuoni tunakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo imeweka masharti juu ya wanyama wa utafiti. Na mahali penye njia nyingine, utu unataka ifuatwe. Zamani mbung'o waliofugwa maabara walilishwa kwa kuwekwa juu ya ngozi za simbilisi na sungura walio hai. Tanga, mbung'o waliofugwa kwa mamilioni kwa ajili ya kuwatokomeza mbung'o wa Unguja katika miaka ya 1994 hadi 1997 walilishwa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni kupitia utando, bila mnyama hai kuumwa. Marekani nayo mwishoni mwa mwaka 2022 ilibadili sheria yake, isiwe tena lazima kila dawa mpya ipitie kwa wanyama iwapo upo ushahidi wa njia nyingine. Huko Morogoro panya buku wamefunzwa kunusa makohozi na kumtambua mgonjwa wa kifua kikuu aliyepita bila kuonekana kwenye hadubini. Mnyama analipwa ndizi badala ya kupasuliwa. Sisi twaona hiyo ni hatua nzuri kwa taifa la wakulima na wavuvi.

Tukiwarudia watu, nchi yetu haina upungufu wa vyombo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ipo Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya ambayo bila kibali chake utafiti ni haramu. Majaribio ya dawa hayana budi yapite pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kabla ya vyombo hivyo vyote, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuelekeza kwamba maendeleo ya watu hayana maana ikiwa wenyewe hawakushirikishwa katika kuyafikiri, kuyapanga na kuyatekeleza, na ukakemea viongozi wenye dharau na majivuno. Afisa anayewaita watu wajinga kwa kuwa wameuliza dawa imetoka wapi amekwenda kinyume cha Mwongozo, hata kama kidonge alichokishika ni halali.

Kwa mintarafu hiyo tunataka mambo yaliyo wazi. Mtaalamu akifika, jambo la kwanza aeleze kama amekuja kutibu au kujaribu, kwa maana hayo ni mambo mawili na watu wana haki ya kuyajua kwa majina yake. Kibali chake kisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, si kuonyeshwa mwenyekiti peke yake ofisini. Maelezo yawe kwa Kiswahili ambacho bibi wa Kanga na mzamiaji wa Jibondo watakielewa, nayo yaseme damu itapelekwa wapi, itakaa muda gani, na nani atamtibu mtu akidhurika. Anayekataa asitishwe kwa polisi wala kwa kunyimwa huduma nyingine zahanatini, na anayekubali awe huru kujitoa kesho. Karatasi ya makubaliano iwe mbili, moja ibaki mkononi mwa mwananchi.

Na kazi ikiisha, watafiti warudi. Majarida ya London na Geneva yamejaa takwimu zilizochotwa katika damu ya pwani hii, hali wenye damu hawajui zilisema nini. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliotia punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo ili kuwazuia mbu kuzaliana, pamoja na kuwapa watu dawa za matende, waliacha jambo ambalo kila mkazi aliweza kulipima mwenyewe usiku, maana mbu walipungua. Si kila utafiti huacha alama inayoonekana kwa macho hivyo. Kwa huo usioacha, ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe katika mbao za matangazo za ofisi za vijiji, kuanzia Bweni hadi Jibondo, ukitaja watu wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na ugonjwa, dawa ilisaidia au haikusaidia, na wapi pa kuulizia. Halmashauri ya Wilaya inaweza kulifanya hilo kuwa sharti kabla ya kikosi kingine kuruhusiwa kushuka gatini.